Ubepari wa Kombe

Juzi nilikuwa pale Mpemba, mji mdogo karibu na Tunduma, nimesimama dukani na mtoto mgongoni nangoja chumvi, dereva mmoja wa lori akanikazia macho mpaka akanitambua.

"Mama, si wewe ulikuwa senta wa ile timu ya kule relini? Ah, poleni. Lakini kila timu ina siku zake. Hata wasingewagawa, mngeanguka tu."

Nilimwambia akaangalie matairi yake. Watu wa dukani walicheka, nikapata chumvi yangu nikaondoka, lakini njia nzima nilikuwa najibizana naye peke yangu. Maana si yeye wa kwanza. Kila aliyewahi kutuona tukicheza hunipa pole ya namna hiyo, kama anayempa pole mtu aliyefiwa na bibi wa miaka tisini: alikuwa ameshazeeka, wakati wake ulifika. Sisi hatukuwa tumezeeka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Basi naandika mambo yalivyokwenda, na anayetaka kujua kama tungeendelea kushinda asome, aache kunipa pole.

Nililetwa kijijini kwetu kwa kuolewa, kijiji kikiwa bado kipya, nyumba zimepangwa mistari kama madawati darasani. Sandukuni nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekiulizia. Kichwani nilikuwa na netiboli, niliyoicheza miaka minne shuleni, na hiyo ndiyo iliyoulizwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amerudi kwao na mtoto wake baada ya ndoa kumshinda. Siku ya tatu tu tangu nifike akaniambia, "Eti huko shule mlikuwa mnarusha mpira kwenye pete? Nionyeshe." Tukapigilia pete ya pipa kwenye nguzo nyuma ya ghala, nikamwonyesha. Akarusha, ukaingia. Akarusha tena, ukaingia. Nikasema moyoni, hapa pana timu.

Timu yenyewe ilitengenezwa na jembe. Siku sita za wiki tulilima shamba la kijiji, kila mwanamke na ngwe yake, kipande alichopimiwa, ngwe zimelala sambamba. Wenzetu walijipangia ovyo, kila mtu akae karibu na rafiki yake. Mimi nilipanga wachezaji wangu: mfungaji, pembeni yake mlinzi, kisha mfungaji mwingine, kisha mlinzi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mfungaji na mlinzi wake walishindana kumaliza ngwe, na aliyetangulia alikuwa na haki ya kumtukana mwenzake mpaka kesho yake. Baada ya msimu mmoja kila mfungaji alimjua mlinzi wake anahema vipi, akichoka anaegemea mguu gani, akitaka kudanganya anaangalia wapi. Ukishamjua mtu hivyo, kumrushia mpira au kumnyang'anya si kazi. Hatukuwa na viatu wala sare. Mpira wetu ulishonwa na fundi viatu mara nyingi mpaka ukawa na upande mzito. Tulichukua kombe la tarafa mwaka wa kwanza tulioingia.

Kombe lilikwenda ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, likawekwa juu ya kabati la mafaili. Sisi tulipewa kitu kingine. Mwenyekiti alitangaza mbele ya watu kwamba wachezaji wa timu ya kijiji, kila Jumanne na Ijumaa, waweke jembe chini saa nane mchana, waende mazoezi, wasiulizwe.

Naomba mwanaume anayesoma hapa asiruke. Mwanaume akitoka shamba la kijiji ameshatoka. Mwanamke akitoka huko kuna shamba la nyumbani, kuna kuni, kuna maji, kuna mahindi ya kukoboa, na mtoto juu ya hayo yote. Tangu niolewe sikuwa na saa hata moja ya mchana ambayo hakuna mtu aliyekuwa ananidai kitu. Ghafla nikapewa mbili kwa wiki zenye jina, zilizotangazwa mkutanoni, ambazo hata mume wangu hakuweza kuzigusa. Alijaribu. "Hilo kombe linaliwa?" aliniuliza. Nikamwambia akamuulize mwenyekiti. Hakwenda.

Na tulikuwa tunazaa. Mwaka wa pili wachezaji watano kati ya wanane walikuwa na watoto wa kunyonya. Mama mkwe wangu ndiye aliyetuokoa. Alikuja uwanjani na ngozi ya ng'ombe, akaitandika pembeni, akawalaza watoto wote juu yake, akakaa katikati na fimbo ya kufukuzia mbwa. Mpira ukifika mapumziko, tulikimbilia ile ngozi kila mmoja akanyonyesha. Mwamuzi, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akitupa mgongo na kuangalia milima mpaka tumalize. Timu moja ililalamika kwamba mapumziko yetu ni marefu kuliko kanuni. Akawajibu, "Kanuni haijasema mtoto afe njaa." Tukawafunga mabao kumi na tisa.

Miaka minne tulikuwa hivyo. Wanawake kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, wengine ndugu zetu kabisa, walikuja kutuangalia. Wakitukuta tunapasha mwili walisema, "Mwabombeni, bamayo," salamu yao ya kumpongeza mtu aliye kazini, na kweli tulikuwa kazini. Mimi mwenyewe nilizaa mtoto wangu wa kwanza mwezi wa pili, na Saba Saba nikacheza.

Mwaka wa tano, mvua zikiwa zinaishia, akaja katibu kata na baiskeli yake na faili lake. Mkutano ukaitwa. Alianza vizuri, akatupongeza, watu wakapiga makofi. Kisha akasema, "Lakini ndugu wananchi, tuulizane. Kombe la tarafa limelala kijiji hiki miaka minne. Wenzetu wanakuja kupiga makofi na kurudi mikono mitupu. Mtu akijilimbikizia mali, tunamwitaje?"

"Bepari," watu wakajibu.

"Na kijiji kikijilimbikizia makombe?"

Mzee mmoja wa nyuma akasema taratibu, kama anayejaribu kiatu, "Bepari wa makombe?"

"Umesema vema, mzee."

Nilisubiri mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Nikasimama na mtoto wangu begani.

"Ndugu katibu, naomba kuuliza. Timu ya mpira wa miguu ya wanaume wa kijiji hiki haijafungwa hapa nyumbani tangu niolewe. Nayo inagawanywa lini?"

Sasa walicheka, wanaume wote.

"Msomi, kaa chini," mwenyekiti akasema.

"Mpira wa miguu ni suala jingine, mama," katibu kata akanijibu kwa upole wa kuudhi. "Ule unajenga taifa."

"Na wa kwetu unabomoa nini?"

"Nimeshakujibu."

Wifi yangu akanivuta kanga. "Kaa, wifi. Ukiendelea watakugawa wewe mwenyewe, miguu huku, kichwa kule."

Tukaitwa mbele, wote wanane, tusimame mstari. Tukasimama tulivyozoea kusimama, kama tulivyo kwenye ngwe: mfungaji, mlinzi, mfungaji, mlinzi, mfungaji, mlinzi, kisha yule wa akiba, kisha mimi senta. Katibu kata hakuuliza nani anacheza wapi. Alipita na kalamu akituelekezea kifuani, moja, mbili, moja, mbili, kama anahesabu magunia. Kisha akatangaza kwamba moja watabaki timu ya kijiji, na mbili watachezea kijiji cha ng'ambo ya reli, ili nao wainuke.

Wafungaji wote watatu walikuwa moja. Walinzi wote watatu walikuwa mbili, pamoja na mimi.

"Ndugu katibu, umegawa vibaya," nilisema. "Hawa wote ni wa kufunga na hawa wote ni wa kuzuia."

"Nne kwa nne, mama," akasema, akiandika. "Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hiyo ni sawasawa."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna ugonjwa ulioingia, hakuna timu iliyotuzidi mbio. Tulihesabiwa.

Jumanne iliyofuata, saa nane, niliweka jembe chini kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa amesimama kichwani mwa shamba. Akaniuliza nakwenda wapi.

"Mazoezini, mzee."

"Ya timu gani?"

"Si mmenipeleka ng'ambo ya reli?"

"Ah. Basi ruhusa yako iko huko. Hii hapa ni ya wachezaji wa kijiji hiki."

Nikavuka reli siku hiyo hiyo jioni, baada ya kulima mpaka saa kumi, kwenda kwa mwenyekiti wa kule. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, ni mtu mstaarabu. Kisha akasema, "Lakini binti yangu, wewe hulimi kwangu. Nikupe ruhusa ya kutoka shamba lipi?"

Nilirudi nikitembea kwenye mataruma ya reli, navuka moja moja, na naapa kama treni ingepita ningeigombeza. Yaani nilikuwa mchezaji wa kijiji ambacho si changu na mkulima wa kijiji ambacho sikichezei, na kati ya hivyo viwili Jumanne yangu na Ijumaa yangu zimetumbukia, na kila mmoja ananiambia kwa adabu kwamba hazikuangukia kwake.

Sisi wanne tulifanya mazoezi Jumapili baada ya kanisa, kwa wizi, na wasichana watatu wa kule ambao hawakuwahi kushika mpira ila wa matambara. Wifi yangu na wenzake walikuwa bado na Jumanne na Ijumaa zao, lakini walifunga bila mtu wa kuwazuia, na kufunga hivyo ni kama kutwanga kinu kitupu. Tulikaa nyumba moja, tunapika chungu kimoja. Wakati mwingine akikoroga ugali alisema, "Leo nimefunga thelathini. Mpaka nimechoka kuokota mpira." Mama mkwe wangu ndiye pekee aliyekataa kugawanywa. Jumanne alikwenda na ngozi yake kwa wale, Jumapili akaja na ngozi yake kwetu. Kuna mtu alimwambia achague upande. Akamuuliza, "Wajukuu zangu nao mmewahesabu?"

Saba Saba ikafika, ile baridi yake na vumbi jekundu, uwanja umejaa. Ratiba ilitukutanisha sisi kwa sisi mechi ya kwanza. Watu walikuwa wametoka Tunduma, wametoka Nakonde, wengine wamepanda malori, wamekuja kuona mabingwa wakipambana na mabingwa. Nitawaambia walichoona. Mpira ulikuwa ukitoka kwa mfungaji mwenzake, haufiki kwa wifi, kwa sababu mlinzi wake wa miaka yote ile minne, anayejua anahema vipi, alikuwa amesimama upande wangu. Nasi tukiuchukua, tunaupeleka mbele kwa wale wasichana, wanaurusha juu ya pete, chini ya pete, mmoja aliurusha mpaka kwenye sufuria ya mama muuza maandazi. Robo ya kwanza ilikwisha bila bao. Watu walianza kwa kunyamaza, kisha wakaguna, kisha wakacheka. Walitucheka sisi. Yule mwenye faili alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni na hakuna aliyemcheka.

Tulishinda, kama kuna mtu anataka kujua. Tatu kwa mbili. Netiboli ya tatu kwa mbili. Mwamuzi alipopiga filimbi ya mwisho hakutuangalia usoni.

Wifi alinijia, jasho limechora mistari kwenye vumbi la shavu lake. Nilidhani ananipa mkono. Akaniambia, "Unajua sasa nimekosa zangu pia?" Alisema saa zake za mchana, maana ruhusa ilikuja na kombe, na timu ya kijiji ilikuwa imeshatolewa.

Mechi iliyofuata tulicheza na wasichana kutoka kijiji cha Chapwa, wengi hawajaolewa, miguu mirefu, wamepangwa vizuri. Walitufunga mabao kumi na moja. Sina neno nao. Walicheza wakashinda, na nilimpa senta wao mkono kwa moyo wangu wote. Lakini baada ya mechi nilimsikia katibu kata anamweleza mgeni wake, "Unaona? Wale mama walikuwa wamechoka tayari. Zama zao zilikuwa zinaisha. Sisi tulisaidia tu."

Ni maneno hayo ambayo yule dereva anayarudia bila kujua yalikotoka. Sasa nijibu, na nijibu kweli. Ndiyo, wifi alikuwa anaumwa goti. Ndiyo, mlinzi wetu mmoja alikuwa na mimba. Ndiyo, wale wa Chapwa walikuwa wanakuja juu, na huenda mwaka ule ule wangetufunga tukiwa wanane kamili. Sisemi tungeshinda milele. Nasema siku ya kushindwa ilikuwa yetu, tulikuwa na haki ya kuifikia kwa miguu yetu, tusimame uwanjani na watoto wetu kwenye ngozi, tutazamane macho na waliotuzidi, twende nyumbani tukijua. Mtu akishakukata mguu asije akakueleza kwamba mbio zako zilikuwa zinapungua.

Jumatatu mwenyekiti alitangaza shambani kwamba kwa kuwa kijiji hakina bingwa tena, ruhusa ya Jumanne na Ijumaa imefutwa kwa wote. Alitangaza kama habari ya mvua. Timu ya wanaume ilikuwa imetolewa nusu fainali siku hiyo hiyo ya Saba Saba, na jioni hiyo ya Jumatatu niliwaona wanakwenda mazoezini.

Jumanne, saa nane, niliweka jembe chini. Sikumwambia mtu. Nilimfunga mtoto mgongoni nikatembea katikati ya shamba, na mgongo unasikia macho ya watu kabla ya masikio kusikia maneno. Wifi akaweka lake. Kisha yule mwenye mimba, kisha wengine, mmoja mmoja, mpaka tukawa sita. Wawili walibaki, waume zao walikuwa wakali kuliko mwenyekiti, na siwalaumu.

"Msomi," mwenyekiti akaita. "Ukiondoka, kila mmoja ana ngwe ya adhabu."

"Pima tu, mzee."

Alipima kweli. Jumatano tulilima ngwe zetu na juu yake ngwe ya adhabu, sita sambamba, mfungaji na mlinzi, tukitukanana kama zamani, na saa sita tulikuwa tumemaliza zote. Wiki iliyofuata akapima tena. Ikawa hivyo. Kila Jumanne na Ijumaa tunaondoka, kila Jumatano na Jumamosi tunalipa kwa jembe. Shamba la kijiji halijawahi kulimwa vile, na mwenyekiti alisifiwa wilayani kwa hilo. Mimi sikufurahi na sifurahi. Kitu nilichopewa mbele ya watu sasa nakinunua kwa mgongo. Lakini ninacho.

Mwaka uliofuata, siku ya Jumanne, tukiwa nyuma ya ghala tunacheza watatu kwa watatu, katibu kata akatokea na baiskeli. Mama mkwe wangu alimwangalia kutoka kwenye ngozi yake, hakumkaribisha. Akasimama pembeni mpaka tulipopumzika.

"Hamjambo mama zangu. Mambo yamekuwa magumu," akasema. "Kata yetu inatakiwa kutoa timu ya netiboli kwenda wilayani, na wale tulionao, mh. Tumeonelea wanane mrudishwe pamoja. Kata inahitaji ushindi."

"Na ubepari?" wifi akamuuliza, akimfuta mtoto wake kamasi.

"Hilo tumelitazama upya."

Nikamwambia hatuna neno, tutacheza, ila alete barua yenye mhuri: Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nane, kwa kila mwanamke anayecheza, ameshinda au ameshindwa, anachezea kijiji hiki au kingine. Na ngwe za adhabu zifutwe.

"Ameshindwa pia?"

"Hasa aliyeshindwa."

Akacheka kidogo, akidhani natania. Alipoona hatucheki akasema jambo hilo haliko katika uwezo wake, ni la serikali ya kijiji, na mwenyekiti atasema ni la kata. Akasema nifikirie heshima ya kata. Nikamwambia mtoto wangu ameamka, nikamnyonyesha hapo hapo mbele yake, naye hakuwa na adabu ya yule mwalimu ya kuangalia milima, ikabidi apande baiskeli.

Walipeleka timu nyingine wilayani. Ilitolewa mechi ya kwanza. Mume wangu alikwenda kuangalia, akarudi kuniambia kwamba watu walikuwa wananiulizia, kwamba wangeniona pale wangefurahi sana, na kwa nini sikwenda hata kutazama tu.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na mazoezi.